Ombi Nililolisema kwa Sauti

Habari za kifo cha Edmund Harle zilinikuta nimekaa ndani ya gari nje ya duka la mboga Azaiba, injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi, mifuko ya bamia na nyanya ikiwa kwenye kiti cha abiria. Aliyenitumia ni mwanamke aliyewahi kuimba katika kwaya yake hapa Muscat, ambaye sasa anaishi Kanada na hatujasemezana kwa miaka mingi. Hakuongeza neno lake. Alituma tu ukurasa wa gazeti moja la Uingereza, wenye picha ya mzee mwembamba aliyeketi bustanini na blanketi magotini. Nilisoma taarifa ile kwa mpangilio, kama ninavyosoma kila kitu: alikozaliwa, kwaya ya kanisa kuu aliyoingia akiwa na miaka saba, kinanda, chuo, kwaya aliyoianzisha mwenyewe na kuzunguka nayo nchi nyingi, wimbo wa Krismasi wa dakika nne ambao ulimpa jina na ambao bado unaimbwa kila Desemba. Kisha ikaja sentensi moja fupi. Ilisema kwamba baadaye aliishi mwaka mmoja Uarabuni, na kwamba katika mwaka huo hakuandika kitu. Nikazima injini. Joto likaingia garini taratibu, nami nikaisoma sentensi ile mara ya pili na ya tatu. Si kweli. Aliandika. Nilikuwepo, na kama gazeti limekosea, basi kosa hilo lilianzia kinywani mwangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kazi yangu ilikuwa kutoa kopi katika duka la vifaa vya ofisi Ruwi. Nilisimama kati ya mashine mbili kuanzia asubuhi mpaka saa saba, tukafunga, tukarudi saa kumi mpaka saa nne usiku. Harle aliingia siku moja mwezi wa tano akiwa amevaa koti. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona: hakuna mtu anayevaa koti Muscat mwezi wa tano. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na haukutoka. Bahasha aliitoa kwa kushoto, karatasi alizihesabu kwa kushoto, na hata pesa akaweka kwa kushoto kwenye kiganja cha msimamizi wetu, Mhindi wa Kerala aliyekwisha kuishi hapa miaka ishirini, ambaye aliniambia pembeni kwamba Mzungu huyu hana adabu, kwani nani anampa mtu pesa kwa mkono wa kushoto? Nilicheka, lakini niliendelea kutazama. Alipogeuka kusubiri, macho yake yaliangukia karatasi niliyokuwa nimeibandika ukutani juu ya mashine. Ulikuwa wimbo wa kwaya ya kanisa letu, nimeuandika kwa solfa, kama tunavyoandika sote nyumbani Kenya: herufi za d, r, m, f, nukta mbili kutenga mapigo, kistari pale sauti inapovutwa. Akaisogelea. Akaanza kuimba sauti ya pili, bila kusita, bila kukosea, sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kisha akaniuliza nani ameandika. Nikasema ni mimi. Akaniambia kwamba bibi yake, mzaa mama, huko Welisi, alikuwa haimbi kwa njia nyingine, na kwamba tangu amzike hajakutana na mtu anayeweza kuandika herufi hizo kwa kasi.

Alikuja tena mara tatu na kopi ambazo, nikitazama nyuma, hakuzihitaji. Mara ya nne aliniuliza Ijumaa hufanya nini. Nikamwambia asubuhi naenda kanisani, kwa maana hapa hata sisi Wakristo ibada yetu kubwa ni Ijumaa, siku ambayo kila mtu yuko huru. Baada ya hapo ninafua. Akasema angependa nimwandikie. Aliutoa ule mkono mfukoni, akauweka juu ya kaunta mbele yangu, mahali ambapo msimamizi hakuweza kuona. Ulikuwa ukitetemeka kama kitu kilichotolewa majini kikiwa hai. Aliuacha pale kwa muda wa kutosha nielewe, kisha akaurudisha. Tamasha moja la kwaya huko kwao lilikuwa limemwagiza kazi kubwa, ya kwanza baada ya miaka mingi ya ukimya. Muda wake ulikuwa unakwisha na hakuweza kushika kalamu wala kupiga kinanda. Kalamu ya kushoto ilichora tu vitu vya mtoto. Angeimba, mimi ningeandika, na akifika kwao angekaa na mnakili mmoja mwaminifu aihamishie kwenye mistari mitano ya noti za kawaida. Sharti lilikuwa moja. Nisimwambie mtu yeyote. Mwongoza kwaya anayetetemeka mkono, alisema, ni mtu aliyekwisha kufa ambaye hajajulishwa. Nikaapa. Sikuapa kwa mchezo. Nilitoa Biblia kwenye mkoba na nikaweka mkono juu yake, palepale kati ya mashine mbili.

Alikuwa amepanga ghorofa ya juu katika nyumba ya Bi Salma, Azaiba, nyuma ya maduka ya barabara kuu, umbali wa kusikia bahari siku ambayo magari ni machache. Chumba tulichofanyia kazi kilikuwa na zulia jekundu, meza ya kulia chakula iliyofunikwa plastiki, kinanda cha kukodi ambacho hakikufunguliwa, na kiyoyozi cha dirishani kilichovuma kwa sauti moja tu, mchana kutwa. Harle aliifanya sauti hiyo ndiyo d yetu, noti ya nyumbani. Alikuwa akiinamisha kichwa kuelekea dirishani, anaichukua, anaiimba, kisha anaanza. Sauti ya kwanza aliiimba kwa kichwa, nyembamba, macho yamefumba. Besi aliiimba amesimama. Kila sauti niliiandika kwenye mstari wake, halafu nilimsomea, naye akasahihisha kwa kidole cha kushoto. Maneno aliyatunga mwenyewe, machache mno, kuhusu mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo taa inawaka na hakuna anayeitika. Ukurasa mmoja ulituchukua saa mbili, na wakati mwingine Ijumaa nzima iliishia kwenye mapigo manane ambayo aliyafuta yote. Vile vitabu vinne vya mazoezi viko kabatini kwangu Al Khoudh hadi leo, vina madoa ya kahawa. Nimewahi kufikiria kuvipeleka Uingereza. Lakini ningemwandikia nani, na ningesema nini kwanza?

Saa nane, wanaume wakisharudi msikitini na wanawe Bi Salma wakishakula majlisini, sebule ya wageni, sinia lilipandishwa juu. Bi Salma alilileta mwenyewe, ingawa alikuwa na mfanyakazi, kwa sababu alitaka kuona. Biriani la kuku, achari ya ndimu, mkate wa kumimina uliokatwa vipande vya pembe tatu. Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa msichana, akazeeka hapa na Kiswahili chake kilekile, ambacho alikitumia kunipiga vijembe. Siku ya kwanza nilimsalimu kwa "habari yako," akaniuliza kama mie ni rika lake. Tangu hapo nilimwamkia kwa shikamoo, naye hujibu marahaba kwa namna ya mtu anayepokea deni la zamani. Alimwita Harle "mpangaji wangu" hata akiwa mbele yake. Kutoka chini tulimsikia kwenye simu na dada yake wa Matrah, Kiswahili na Kiarabu vikipokezana katika sentensi moja, kicheko kikubwa, khalas, wallahi, kicheko tena. Harle alikuwa akinyamaza kusikiliza. Aliwahi kuniuliza wanacheka nini, na nilipomwambia ni habari ya mkwe aliyechoma maandazi, aliniangalia kana kwamba nimemficha kitu.

Ilikuwa kwenye sinia lile ndipo nilipoyasikia maisha yake, na hayakufanana na ya gazetini. Kuingia kwaya ya kanisa kuu, alisema, kulikuwa kulala bwenini ukiwa na miaka saba na kuamshwa kuimba huku unalia, hadi unagundua kwamba ukiimba vizuri hakuna anayeona machozi. Ule wimbo wa Krismasi aliuandika ndani ya treni kwa sababu alisahau kwamba alikuwa ameahidi kuuandika. Ulimpa nyumba, ulimpa kwaya yake mwenyewe, ulimpa mke kwa miaka sita. Halafu kila alichoandika baadaye kililinganishwa nao. Watu walikuja baada ya tamasha na kumwambia kazi mpya ni nzuri, kisha wakamuuliza kama ataurudia ule wa zamani. Maagizo yakapungua. Kwaya ikamchagua kijana. Akafundisha hapa na pale, hadi akapata mkataba wa mwaka mmoja Muscat, kuongoza kwaya ya wageni: wake za wahandisi, walimu, manesi wa Kifilipino, wahasibu wa Goa. Aliongoza kwa mkono wa kushoto, wa kulia mfukoni, wakadhani ni mtindo. Nilikwenda mara moja kuwatazama wakifanya mazoezi nikiwa nimekaa viti vya nyuma. Alikuwa akiwatoa sauti ambazo wenyewe hawakujua wanazo. Nilipomwambia hivyo njiani, alinijibu kwamba hiyo ndiyo kazi pekee anayoiweza, na kwamba hii tunayoiandika ikikamilika atakuwa amefanya kitu kimoja kikubwa baada ya kile kidogo. Isipokamilika, alisema, basi maisha yake ni dakika nne.

Kufikia mwezi wa kumi hali ilikuwa mbaya. Mtetemeko ulikuwa umepanda hadi begani, na mguu ulianza kuburuta. Siku moja Bi Salma alimpa kikombe cha kahawa kwa mkono wa kulia, kama ipasavyo, naye kwa aibu ya kupokea kwa kushoto mbele ya mtu anayemheshimu akatoa ule wa kulia. Kahawa ilimwagika juu ya plastiki, juu ya ukurasa, juu ya gauni la Bi Salma. Bi Salma alifuta meza, akafuta ukurasa kwa ncha ya mtandio wake, akashuka. Kuanzia Ijumaa iliyofuata kahawa ilikuja kwenye kikombe kikubwa chenye mshikio, kimewekwa upande wa kushoto. Hivyo tukawa watatu tunaojua. Harle alikuwa haendi kwa daktari kwa kuogopa karatasi ya daktari. Usingizi ulimpotea. Aliimba sehemu ileile mara kumi na kusahau alichoimba mara ya tisa, akinilaumu kwamba nimeandika vibaya, kisha anaomba radhi, kisha analaumu tena. Zilibaki kurasa kama ishirini na miezi mitatu. Nilirudi chumbani kwangu Ruwi, ambako tulilala wanne, na nilikuwa nikihesabu mapigo kichwani badala ya kulala.

Sasa naandika kile nilichofanya, na nitakiandika kama kilivyotokea. Kanisani kwetu tulikuwa na wiki ya kufunga na kuomba. Ijumaa ya mwisho, kabla ya maombi ya pamoja, mzee wa kanisa aliuliza nani ana ombi. Mtu asiyelelewa katika makanisa yetu hawezi kuelewa urahisi wake. Watu husimama na kusema mambo ambayo wasingemwambia ndugu yao: mume anayepiga, kafili, yule mwajiri mdhamini, anayeshikilia pasipoti, uvimbe titini. Unasema kwa Mungu, watu sitini wakisikia, na katika akili yetu wale sitini ni sehemu ya Mungu. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nikasimama. Nikaomba wamwombee mwalimu mmoja wa muziki, ambaye mkono wake wa kulia unakufa, ambaye anaandika kazi kubwa kwa mkono wa mtu mwingine, ili Mungu asiuache ule mkono kabla kazi haijaisha. Sikutaja jina. Niliona nimetii kiapo changu kwa sababu sikutaja jina. Waliomba kwa sauti kubwa, wengine wakilia, nami nililia, na nilitoka nje nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Ilikuwa siku pekee ya furaha niliyoipata mwaka ule, na ndiyo hiyo niliyovunja kiapo.

Miongoni mwa wale sitini alikuwapo Lilian, aliyelea watoto katika nyumba ya mwenyekiti wa kamati ya kwaya ya Harle. Lilian hakuwa mmbea, ila alikuwa amemwona Harle nyumbani pale, mkono mfukoni. Jumamosi asubuhi alimwambia bosi wake, kwa huruma kabisa, kwamba kanisa zima linamwombea mwalimu wao, asiwe na wasiwasi. Mama yule naye hakuwa mbaya. Alimtazama Harle kwenye mazoezi yaliyofuata, akaona alichokuwa hajawahi kukiona, na kwa kuwa aliwafahamu watu wa lile tamasha Uingereza, akawaandikia kwamba mwenzao ni mgonjwa na anahitaji msaada badala ya shinikizo. Kila mmoja wetu alifanya wema. Ndani ya wiki tatu kamati ilimwita Harle, ikamwomba anyooshe mikono yote miwili mbele yake, ikamshukuru, ikamwambia apumzike. Barua kutoka kwa watu wa tamasha ilifuata. Ilikuwa na maneno laini mengi. Agizo lilikuwa limepewa mtunzi mwingine, kijana, na wao walisikitika kujua kwamba amelazimika kutumia mkono wa mtu mwingine kuandika.

Aliniita siku ya kazi, na nilimdanganya msimamizi kwamba naumwa. Nilimkuta amesimama juu ya ngazi na barua, Bi Salma yuko chini mlangoni pake, mtandio kichwani, unga kwenye vidole. Harle alikuwa mweupe hadi midomo. Aliniambia nitafsiri, ingawa Bi Salma alikuwa anakijua Kiingereza cha kutosha kununua na kugombana. Hakutaka, alisema, pawe na neno lolote lisiloeleweka. Watu wanaojua ni watatu. Yeye hakusema. Agnes, yaani mimi, ameapa, na Agnes ndiye mkono wenyewe. Miezi yote hii yeye Harle amekuwa akisikia simu kupitia sakafu, vicheko, na sasa anajua walikuwa wanamcheka nani. Nilitafsiri. Nilitafsiri kila kitu kwa mpangilio, sauti yangu haikutikisika, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ninapokumbuka. Bi Salma hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, kutoka kichwani hadi kwenye viatu, kisha akarudi usoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa kubwa kama mlango.

"Mwambie ni mie," alisema. "Mwambie nimesema mie, kwa dada yangu."

Nikageuka, nikatazama juu, na nikatafsiri. Nikasema kwa Kiingereza kwamba anasema ni yeye.

Harle alihama kesho yake. Niliposhuka na sanduku lake la mwisho Bi Salma aliniita jikoni. Alikuwa anakanda unga wa maandazi na hakuacha kukanda. Nilianza kulia, nikianza na lile kanisa, akanikata.

"Nnajua. Uso wako ulikuwa umeandikwa. Kurasa ngapi zimebaki?"

Nikasema kumi na nne.

"Mie akinikasirikia, atahama, khalas, atapata nyumba. Wewe akikukasirikia nani atamwandikia? Hao wa kwao wamemwacha, lakini kazi si ya kwao, ni yake. Nendeni mkamalize. Halafu ndo umwambie, ukipenda." Aliukata unga vipande kwa kisu. "Lakini mwanangu, usichelewe. Mie nna jina hapa mtaani. Watu washaanza kuniuliza mpangaji wangu kanikimbia kwa nini."

Nimekuwa na miaka mingi ya kuifikiria hesabu ya Bi Salma, na kila nikiipitia naiona ni sahihi, na kila nikiipitia naona mimi ndiye niliyekosekana ndani yake. Alichukua uongo ili kununua muda, akanikabidhi huo muda. Harle alikuwa amepata chumba chenye samani Matrah, dirisha likitazama uchochoro wa nyuma wa soko, ambamo wapagazi walipita na mikokoteni wakipiga kelele za kuomba njia. Hakukuwa na kiyoyozi cha kuvuma, wala meza; niliandikia juu ya mapaja. Tulikula samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi, yeye akiwa amekaa kitandani na kitambaa shingoni. Hakuna aliyekuwa akiingoja kazi ile tena, si tamasha, si kamati, na kwa sababu hiyo hasa alikuwa ameshikwa nayo kama homa. Kurasa zilikwenda. Alikuwa haikosei sauti hata moja. Nilijua, hata kwa ujuzi wangu mdogo wa kwaya ya kanisa, kwamba kitu kilichokuwa kikitoka mle chumbani kilikuwa kikubwa kuliko sisi wawili, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini mtu angeweza kukubali kusingiziwa kwa ajili yake. Kila Ijumaa niliandika na kila Ijumaa alimtaja Bi Salma. Mwanzoni kwa jina. Baadaye akasema tu mwanamke yule. Nilikuwa nikiinamisha kichwa na kuchora mistari ya mapigo.

Ijumaa ya mwisho yalibaki mapigo kumi na sita. Mdogo wake alikuwa amekwisha kukata tiketi, safari ilikuwa Jumapili. Tulikuwa tumefika pale ambapo sauti zote nne, baada ya kutengana kurasa nzima, zinakutana juu ya t, noti ya saba, ile ambayo hata mtu asiyejua muziki hata kidogo akiisikia hujua kwamba bado moja, na kwamba hiyo moja ni nyumbani. Alisimama kupumzika. Alikuwa na furaha. Niseme hivyo, kwa sababu sikumwona tena nayo. Akasema kwamba mtu yule wa kwenye wimbo, mwenye kubisha hodi, hatimaye atafunguliwa, katika mapigo kumi na sita yanayokuja, na kwamba amejua tangu mwanzo jinsi atakavyofunguliwa. Kisha akasema kwamba kuna wanawake ambao hukulisha kwa mkono mmoja ili wapate cha kusimulia kwa mwingine, na kwamba anamshukuru Mungu kwa kunipa mimi, mtu ambaye kinywa chake ni kaburi.

Ningeweza kungoja saa moja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuingoja hiyo saa moja, baada ya kungoja wiki saba. Nilimwambia. Nilimwambia kanisa, ombi, watu sitini, Lilian, ngazi. Nilimwambia kwamba Bi Salma alijibu vile kwa ajili ya kurasa kumi na nne. Hakunikatiza. Nje mpagazi alikuwa akigombana na mtu mwenye gari. Nilipomaliza, Harle aliketi polepole na mkono wake wa kulia ukawa unagonga ubavu wa kitanda, tik, tik, tik, na hakujaribu kuuzuia.

"Nisomee tulipofika," alisema.

Nilimsomea, sauti ya pili, ukurasa wote wa mwisho, hadi kwenye t. Alisikiliza macho yakiwa yamefumba. Nikaishika kalamu tayari. Alinyoosha mkono wa kushoto, akachukua kitabu mapajani mwangu, akakifunga, akanirudishia.

"Inaishia hapo," alisema.

Nilimsihi. Sikumbuki maneno, nakumbuka nilipiga magoti juu ya ile sakafu ya vigae, nikimwambia anichukie kesho, leo aimbe tu. Alitikisa kichwa bila hasira. Alisema hakuna hasira, amejaribu kuitafuta sasa hivi na haipo, na kwamba alipoisikia habari ile, kile kilichokuwa kinakuja kiliondoka, basi, kama mtu aliyesimama mlangoni akachoka kungoja. Akaniomba niende kwa Bi Salma nimwambie amekosa. Yeye mwenyewe hataweza kusimama mbele yake. Nilimwambia aje, nitamshika mkono hadi kwenye ngazi. Akageuza uso ukutani.

Nilikwenda Azaiba jioni ileile. Bi Salma alikuwa jikoni peke yake, anachungulia sufuria ya mchuzi. Nilimwamkia, akaitika. Nikamwambia kwamba nimekwisha kusema, na kwamba Bwana Harle anaomba radhi, anasema amekosa, anaona haya kuja. Alifuta mikono. Hakuuliza habari za radhi.

"Mmemaliza?"

Ndiyo, nikasema. Tumemaliza.

"Alhamdulillah." Akavuta pumzi ndefu, na nikaona mabega yake yakishuka, mabega ya mtu aliyekuwa amebeba kitu tangu siku ya ngazi. "Haya, niimbie huo mwisho wake, nijue nimesingiziwa kwa kitu gani."

Nilisema sauti yangu ni mbovu, nilisema ni sauti ya pili tu, haieleweki peke yake. Akasema imba, yalla. Basi nikaimba, nimesimama kati ya jiko na meza, ukurasa wa mwisho wote, kwa polepole kadiri nilivyoweza, nikitumaini kwamba labda nikifika pale sikio langu litajua lenyewe la kuongeza. Nikafika. Nikaishika ile t hadi pumzi ikaniishia, nikanyamaza.

Bi Salma alikuwa na kifuniko cha sufuria mkononi, mvuke ukimpanda usoni. Hakukirudisha. Alikuwa akinitazama mdomoni, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja, anangoja.